Nukta Nyekundu Isikae Peke Yake Juu ya Bastola

Kwa muda wa miaka ipatayo kumi na mitano sasa, huko Marekani, ambako sheria humruhusu raia kutembea na bastola iliyositirika chini ya nguo zake, umeendelea mjadala ambao mtu aliye mbali aweza kudhani ni wa mafundi na wapenda silaha peke yao, ilhali kwa hakika unahusu roho za watu: je, aliyeazimia kuvaa bastola kwa ajili ya kujihami alenge kwa vilengeo vya chuma kama walivyolenga waliomtangulia, au kwa kile kifaa kidogo cha kioo na umeme kinachomwonyesha, kwa nukta nyekundu ya nuru, mahali itakapopiga risasi? Wapenzi wa chuma husema kwamba betri hufa na kioo huvunjika, na kwamba chuma hakihitaji umeme wa mtu yeyote. Wapenzi wa nukta hujibu kwamba jicho la mwanadamu hushindwa mara nyingi zaidi kuliko betri. Ninaona kwamba kila upande umeshika hujja moja ya kweli na kuiacha nyingine ya kweli vilevile.

Jambo hili haliwahusu wageni tu. Wenzetu waliohamia Texas, Minnesota na majimbo mengine, waliokwisha kupata haki ya kisheria ya kumiliki silaha, hukutana nalo mbele ya meza ya muuzaji, na aghalabu hukutana nalo bila ya mwalimu, kwa kuwa majimbo yapatayo 29 yameondoa sharti la kibali kwa mtu mzima asiyezuiliwa na sheria kuvaa bastola, na pasipodaiwa kibali hapadaiwi somo wala mtihani. Kenya na Tanzania hali ni nyingine, maana leseni ya bastola huko hutolewa kwa wachache baada ya kuchunguzwa, na sitakaa sana juu ya hao. Rai yangu nitaitaja mapema ili msomaji aipime kwa yatakayofuata: nukta nyekundu ni tadbiri njema, na kwa macho ya watu wengi ni bora kuliko chuma, lakini haistahili kukaa peke yake juu ya bastola ya kujihami, na mtu asiyekuwa tayari kuitunza na kujizoeza nayo abaki na chuma, wala asione haya.

Vilengeo vya chuma ni viwili: kijino kimoja kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu, na kibamba chenye pengo kilichowekwa nyuma. Mpigaji hukiweka kijino katikati ya pengo, akakisawazisha kwa juu, kisha akavipeleka vyote viwili juu ya kile anachokusudia kukipiga. Kazi hiyo husemwa kwa maneno machache, lakini kutendeka kwake ni kugumu, kwa sababu jicho halikuumbwa kuona kwa uwazi vitu vitatu vilivyo katika masafa matatu mbalimbali kwa wakati mmoja. Ndiyo maana walimu wa silaha, tangu zamani, wamewaamuru wanafunzi wao wakikazie macho kijino cha mbele, na kuliacha pengo la nyuma na kile kinacholengwa vionekane kwa ukungu. Baina ya kijino na pengo, katika bastola ya kadiri ya kuvaliwa, pana umbali wa kama sentimita 16. Basi kosa la milimita moja tu katika kuvisawazisha huipeleka risasi kama sentimita 15 kando ya mahali palipokusudiwa, kwa umbali wa mita 25. Katika mita 7, ambao ni umbali wa chumbani, kosa lilo hilo huwa kama sentimita 4. Yaani chuma husamehe kosa karibu, na hulikuza kosa mbali.

Nukta nyekundu huondoa taabu hiyo. Ndani ya kifaa hicho mna taa ndogo mno ya kielektroniki, ambayo huutupa mwale wake juu ya kioo kilichopakwa utando wa kurudisha rangi nyekundu na kupitisha rangi nyingine. Na kwa kuwa kioo hicho kimepindwa kwa hesabu maalumu, mwale humrudia mpigaji ukiwa umenyooka, hata jicho likaiona nukta kana kwamba inaelea huko mbali, juu ya kile kinachotazamwa. Hapana kijino wala pengo la kusawazisha. Jicho hubaki pale linapopenda kubaki kwa maumbile yake, yaani juu ya jambo la hatari, na nukta huja yenyewe ikakaa hapo. Nukta ya ukubwa wa kawaida hufunika kiasi cha sentimita 2 na nusu katika mita 25, nao ni udogo unaotosha kabisa kwa kazi ya bastola.

Asili ya fikra hii ni ya zamani kuliko wanavyodhani wengi. Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, aliibuni mnamo mwaka 1900 kwa ajili ya bunduki na mizinga, wakati ambapo hapakuwa na taa ndogo ya kuitia nuru. Ikapata makazi yake katika ndege za vita, ambamo rubani aliihitaji alama ya nuru mbele ya macho yake huku chombo kikimgeuza na kumpindua. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ikatoa kilengeo cha kielektroniki cha bunduki za kuwindia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 washindani wa michezo ya kulenga walikuwa wamekwisha kukifunga juu ya bastola zao, lakini zilikuwa bastola kubwa, na kifaa kilishikizwa kwenye kiunzi kisichokwenda, mbali na mapigo ya chuma kinachorudi.

Kukifunga kilengeo juu ya kile kipande cha juu cha bastola, ambacho wenye silaha hukiita slaidi, ndiko kulikoanzisha mtihani wa kweli. Kila risasi inapotoka, slaidi hurushwa nyuma kwa nguvu, hugonga kizuizi, hurudi mbele na kugonga tena, yote hayo chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Na kila kilichofungwa juu yake, kioo, taa, betri, nyaya na parafujo, hupanda na kushuka safari hiyo pamoja nayo. Chuma kimoja kilichochongwa hakijali. Lakini betri ni sarafu iliyolazwa baina ya miguso miwili ya madini, na mguso ukiachana na betri hata kwa muda mfupi kabisa, taa huzimika. Kilengeo cha Trijicon kiitwacho RMR, ambacho kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa ndicho imara kupita vyote vya aina yake, kilikuwa na wenyewe walioona nukta ikikatika na kurudi wakati wa kupiga, na mwaka 2017 kampuni ikatoa toleo la pili ambalo sehemu zake za umeme zilitengenezwa upya ili zihimili mapigo ya slaidi. Silitaji hilo kwa kuitia doa kampuni, maana kifaa kilichorekebishwa kwa uwazi ni bora kuliko kilichofichiwa kasoro yake; nalitaja ili ijulikane kwamba hata kilicho bora kilipata kushindwa, na kwamba wenye kusema habari za kushindwa huko hawakuwa wakizua.

Katika miaka hiyohiyo mambo yalikwenda kwa haraka. Mwaka 2015 Glock ilianza kuuza bastola zilizokwisha kuchongwa slaidi kwa ajili ya vilengeo hivi, na Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani likachagua bastola ya SIG Sauer, ile iitwayo M17, ambayo slaidi yake imetengenezwa kupokea kifaa cha namna hiyo. Idara za polisi zikafuata, moja baada ya moja. Leo bastola mpya nyingi za kuvaliwa zina nafasi ya nukta juu yake, na mnunuzi ambaye hakuiuliza huuliziwa.

Basi hebu tuziangalie namna ambazo kifaa hiki hushindwa, kwa sababu hazilingani kwa uzito, na wanaobishana huzichanganya zote katika neno moja la kuharibika.

Betri ndiyo inayotajwa kwanza, nayo, kwa maoni yangu, ndiyo hatari iliyo nyepesi kupita zote. Betri ya duara ya CR2032, yenye upana wa milimita 20, huuzwa katika kila duka, na watengenezaji wameipunguza sana tamaa ya taa zao: Aimpoint huitaja Acro P-2 yake, iliyotoka mwaka 2021, kuwa huwaka saa 50,000 kwa betri moja, yaani zaidi ya miaka 5 bila ya kuzimwa. Mtu anayebadilisha betri kila mwaka katika siku aliyoichagua, kama siku ya kwanza ya Januari, amekwisha kuimaliza hatari hiyo kwa gharama isiyofika bei ya chakula cha mchana. Lakini idadi hiyo ya saa ni kipimo cha taa kuwaka kwa mwanga wa kadiri, na wauzaji hukosea wanapoitamka kana kwamba ni kipimo cha uaminifu wa kifaa kizima. Taa yaweza kuwaka miaka 5 juu ya kifaa kilicholegea tangu wiki ya pili.

Hatari ya pili ni ile inayoletwa na mwili wa mwenye bastola, nayo haionekani katika uwanja wa mazoezi. Bastola ya kuvaliwa hulala kiunoni, chini ya shati, saa kumi na mbili kwa siku, katika jasho, vumbi, nyuzi za pamba na mafuta ya ngozi. Vilengeo vya aina ya wazi huiweka ile taa nyuma ya kioo bila ya kifuniko, na unyuzi mmoja wa nguo, au tone moja la mvua, likikaa juu ya tundu la taa, nukta hugeuka kuwa utawanyiko wa nuru au hutoweka kabisa. Aliyepata kukaa Houston au Miami wakati wa joto atalifahamu na jambo jingine: mtu atokapo katika gari lililopozwa na kuingia katika hewa nzito ya nje, kioo hujaa ukungu kama ijaavyo miwani, na kwa muda wa nusu dakika hivi nyuma ya kioo hapaonekani kitu. Kwa ajili ya haya vimebuniwa vilengeo vilivyofungwa pande zote, ambavyo taa yake imewekwa ndani ya sanduku dogo baina ya vioo viwili. Navipendelea hivyo, na sioni sababu ya mtu kuvaa cha wazi leo kama uwezo wa kununua kilichofungwa anao. Hata hivyo vioo viwili vina nyuso mbili za kupokea maji na ukungu, na atakayedhani kwamba sanduku lililofungwa halihitaji kufutwa atajikuta amekosea siku ya mvua.

Papo hapo lazima nilitaje kosa la wapinzani wa nukta, wanaosema kwamba kioo kikipakwa tope kwa mbele basi silaha imekuwa pofu. Sivyo. Mtu anayetazama kwa macho mawili, kioo kikiwa kimezibwa kwa mbele, huiona nukta kwa jicho moja na kile kinacholengwa kwa jicho la pili, na ubongo huviunganisha. Walimu wengi hubandika utepe mbele ya kioo makusudi ili kuwafundisha wanafunzi kutazama wanachokilenga badala ya kuitazama nukta. Kioo kilichopasuka, aghalabu, huendelea kuirudisha nukta katika vipande vilivyobaki. Na hata taa ikizimika kabisa, fremu ya kilengeo yenyewe, kwa umbali wa chumbani, hutosha kumwonyesha mtu uelekeo. Kwa hiyo kushindwa kwa nukta hakumwachi mtu mikono mitupu kama inavyosemwa, mradi awe amekwisha kujizoeza kushindwa huko kabla hakujamfika.

Nakuja katika hatari ya tatu, na hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kilengeo hufungwa kwa parafujo mbili nyembamba, mara nyingi juu ya kibamba cha katikati ambacho nacho kimefungwa kwa parafujo zake, katika slaidi isiyokuwa na unene wa kutosha kuzishika kwa kina. Kila pigo huzitikisa. Zisipokazwa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, zisipotiwa gundi ya parafujo, zisiposafishwa mafuta kwanza, hulegea polepole, na nukta huendelea kuwaka kwa uzuri uleule ikionyesha mahali ambapo risasi haiendi. Taa iliyozimika humwambia mwenyewe waziwazi kwamba imezimika, naye huchukua hatua nyingine. Kilengeo kilicholegea humdanganya mwenyewe kwa nuru ileile anayoiamini, na hana njia ya kujua ila kwa risasi iliyokwenda kombo. Pana na balaa jingine dogo lakini baya: katika baadhi ya bastola, tundu moja la parafujo lipo juu ya mfereji wa kile chuma kinachovuta ganda la risasi litoke, na parafujo iliyozidi urefu kwa milimita chache hukibana chuma hicho, hata silaha yenyewe ikakwama kwa sababu ya kilengeo. Fundi mwenye ujuzi hulijua jambo hili. Mnunuzi aliyeletewa kifurushi nyumbani na kukikaza mwenyewe mezani kwa nguvu ya mkono halijui, na hao ndio wengi.

Ukiyaweka hayo yote katika mizani, chuma huonekana kuwa mshindi, na kama kifaa ndivyo kilivyo. Lakini nacho kina aibu zake. Vilengeo vingi vya kiwandani si vya chuma hata kidogo. Vile vya Glock vya kawaida ni vya plastiki, na huliwa kwa kusuguana na ala. Vile vyenye nuru ya kijani usiku huipata nuru hiyo kwa gesi ya tritiumu, ambayo kila miaka 12 na kidogo hupoteza nusu ya nguvu yake, hata mtu akabaki anaamini nuru iliyokwisha kufifia. Kijino chaweza kusogea kikigongwa. Hata hivyo hayo ni machache na hutokea kwa nadra, na mtu mwenye macho huyaona mchana kwa kutazama tu, na hapo ndipo ubora wa chuma ulipo: kasoro zake hazijifichi.

Chuma hakishindwi sana. Anayeshindwa ni mwenye kukitumia. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilichapisha uchunguzi wake juu ya polisi wa jiji la New York, ikaonyesha kwamba askari walipokuwa wakirushiana risasi na mhalifu, wastani wa risasi zao zilizompata haukuzidi 18 kwa kila 100, na pale ambapo hawakurushiwa risasi walipata 30 kwa kila 100. Hao ni watu waliofundishwa, wanaolipwa, wanaopimwa. Risasi zilizobaki hazikuyeyuka hewani. Zilikwenda katika kuta, magari, madirisha, na katika njia za watu wasiohusika. Nikisikia mtu akisema kwamba vilengeo vya chuma havijapata kumwangusha mtu, huzikumbuka risasi hizo 82. Haijathibitika kwamba nukta ingeziokoa zote, wala nusu yake, kwa kuwa mtu aliyeshikwa na hofu, kwa hatua tatu nne, mara nyingi hakitazami kilengeo cha aina yoyote. Lakini vilengeo vinavyomdai mwanadamu, katika dakika ya hofu kuu, aondoe macho yake kwa adui na kuyakaza juu ya kijino chenye upana wa milimita tatu au nne, humdai jambo lililo kinyume cha maumbile, na haishangazi kwamba wengi hawalitekelezi.

Hapa pana jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hesabu za kupata na kukosa. Tarehe 4 Februari 1999, huko Bronx, kijana wa Kiafrika aitwaye Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, aliuawa, mbele ya mlango wa nyumba alimokaa, na askari polisi wanne waliovaa kiraia, waliopiga risasi 41, 19 katika hizo zikampata. Alichokuwa nacho mkononi ilikuwa pochi yake. Sisemi kwamba kifaa chochote kilichofungwa juu ya bastola kingemwokoa, kwa maana makosa ya usiku ule yalianza kabla ya kulenga, katika nyoyo na katika amri. Lakini yeyote anayevaa silaha katika nchi ile anapaswa kuwa na Diallo mbele ya akili yake, na kujiuliza ni kitu gani kitakachomsaidia kuiona mikono ya mtu kwa uwazi mpaka mwisho. Kilengeo kinachomwacha mtu akazie macho mikono ya aliye mbele yake, akatambua kwamba kilichoshikwa ni simu au pochi au funguo, kina fadhila ambayo kijino cha chuma hakina. Hii ndiyo hujja kubwa ya nukta nyekundu, na nasikitika kwamba wauzaji wake huisema mara chache, wakapendelea kusifu kasi ya kupiga.

Yupo na mzee, na mwanamke wa makamo, ambao macho yao hayakioni tena kijino cha mbele ila kama kivuli. Baada ya miaka arobaini lenzi ya jicho huwa ngumu na kukataa kuvikaribia vitu vya karibu; miwani ya kusomea huwasaidia kukiona kijino na huwanyima kumwona mtu. Kwa hao nukta ni rehema, na kuwaambia wajizoeze zaidi na chuma ni kuwadhulumu. Ila kuna wenye jicho ambalo uso wake haukukamilika uduara, ambao huiona nukta ikiwa na mkia, au imepasuka kama cheche. Mtu wa namna hii asinunue kabla hajatazama ndani ya kifaa kwa jicho lake mwenyewe, maana dukani nukta zote husifiwa kwa maneno yaleyale.

Kwa hiyo narudia rai yangu na kuipa masharti. Anayechagua nukta achague iliyofungwa pande zote, ya mtengenezaji ambaye vifaa vyake vimepigiwa risasi maelfu juu ya slaidi na watu wasiolipwa naye. Na kama fedha zake hazitoshi, maana kilengeo bora hukaribia bei ya bastola yenyewe, basi asinunue cha rahisi kwa matumaini, bali abaki na chuma na kuzitumia fedha zake kwa risasi za mazoezi na ada ya mwalimu. Chini ya nukta yawepo vilengeo vya chuma vilivyorefushwa, vionekane ndani ya kioo bila ya kuondoa kitu. Huu wa chuma cha akiba ndio mgogoro wangu na kundi jipya la walimu, ambao husema kwamba vifaa vya leo ni imara mno hata chuma cha chini kimekuwa mapambo. Nimewasikia, na bado sikubali. Chuma cha akiba hugharimu kidogo, hakina uzito wa kuhesabika, na faida yake haikomei katika siku ya kuzimika taa: mtu akitazama asubuhi na kuona kwamba nukta haikai tena pale ilipokuwa ikikaa juu ya kijino, amekwisha kujua kwamba parafujo zimelegea, kabla hajatoka nyumbani. Shahidi wa namna hiyo haifai kumwondoa kwa sababu ya umaridadi.

Utunzaji wenyewe ni mwepesi kuueleza. Parafujo zikishakazwa kwa kipimo, pigwe mstari wa rangi unaopita juu ya kichwa cha parafujo na juu ya kifaa, ili ikizunguka hata kidogo mistari iachane na kuonekana. Kioo kifutwe kila wiki kwa kitambaa safi, na dawa ya kuzuia ukungu ipakwe wakati wa joto. Mwanga wa nukta uwekwe kwa kadiri ya mchana wa nje, kwa sababu nukta iliyorekebishwa chumbani hupotea juani, na vilevile hupotea mbele ya ukuta mweupe uliomulikwa na tochi ya bastola. Baada ya kila kuondolewa kifaa, kwa betri au kwa usafi, bastola ijaribiwe tena kwa risasi katika uwanja, kwa umbali unaojulikana, wala asivae mtu silaha ambayo nukta yake hakuithibitisha kwa karatasi yenye matundu.

Mazoezi yana ugumu zaidi. Aliyezoea chuma akichukua nukta kwa mara ya kwanza huinua bastola na kuona kioo kitupu, kwa kuwa mkono wake umeinamisha au kuinua mtutu kwa kiasi ambacho kijino kingemwonyesha njia ya kurekebisha na nukta haimwonyeshi. Akaanza kuipepesa bastola akiitafuta, na muda ukapita. Tiba yake ni kuiinua bastola tupu, iliyohakikishwa kuwa tupu na risasi zikiwa katika chumba kingine, dakika kumi kila siku, mpaka nukta iwe inawasili pamoja na mkono. Kazi hiyo huchukua miezi, na haipaswi kuharakishwa na mtu aliyeambiwa dukani kwamba nukta hurahisisha kila kitu.

Ningependa walimu wa Marekani, hasa wale wanaowafundisha wahamiaji wetu katika misikiti, makanisa na vyama vya jamaa waliojiunga kwa ajili ya usalama wa mikusanyiko yao, waongeze jambo moja katika masomo yao. Katikati ya zoezi, mwalimu aziondoe bastola kwa wanafunzi pasipo kuwaambia sababu, azizime baadhi ya nukta, nyingine azizibe kwa utepe, moja ailegeze parafujo, kisha azirudishe na kuamuru zoezi liendelee. Atakayeikagua bastola yake kabla ya kuinyanyua, akaona kilichobadilika, akamaliza kwa chuma kilicho chini, huyo apewe ruhusa ya kuvaa nukta. Na ambaye hakuona kitu arudishwe katika vilengeo vya chuma kwa miezi mingine sita, kisha ajaribiwe tena.